Kichwa Kimepigwa Relini: Mmalizane, Udai Fidia au Ufungue Kesi?

Pemba hatuna reli. Unguja walikuwa nayo zamani, ile ya Bububu, maili saba tu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905. Lakini vijana wa visiwani wapo relini. Wanapanda boti Malindi au Mkoani, wanateremka Dar es Salaam, na kazi wanayoikuta ni ya treni ya umeme, ya reli ya kati au ya Tazara: kubeba vyuma, kumwaga kokoto, kuunga mabehewa, kulinda vifaa usiku. Wachache wamefika mbali zaidi, mpaka Marekani. Siku mmoja wao akipigwa kichwa, simu huja huku nyumbani, na sisi ndio tunaoulizwa la kufanya.

Simu yangu mimi ilikuja usiku wa manane. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 26, alikuwa kibarua kwa mkandarasi mmoja wa reli huko Bara. Asubuhi ile ndoano ya kreni, tupu, haina mzigo, ilirudi kwa kasi ikampiga kwenye kofia ngumu upande wa kushoto. Hakuanguka wala hakuzimia. Fomeni akamwambia akae kivulini robo saa, kisha akarudi kazini hadi adhuhuri. Usiku akatapika mara tatu, na hakukumbuka amefikaje chumbani kwake. Hospitali wakampiga picha ya CT scan, haikuonesha damu wala ufa. Siku ya tatu fomeni akamfuata na shilingi 200,000 na karatasi moja ya kutia saini. Maneno yake niliyasikia mwenyewe, maana kijana alikuwa na sisi kwenye simu: "Daktari kasema hakuna kitu. Chukua hii, tumemalizana."

Dada yangu akapiga ukelele. "Mwanangu, usitie saini wala dole gumba mpaka mjomba wako aione!"

Hakutia. Yote tuliyoweza kuyafanya baadaye yamesimama juu ya ukelele ule. Nimezunguka na bahasha ya karatasi zake kwa miezi mingi, nimekaa na mawakili, nimezungumza kwa saa nyingi na mtoto wa ami yangu anayefanya kazi kwenye treni za mizigo Marekani. Ninaandika kwa ajili ya familia nyingine itakayopigiwa simu kama ile, ili wazipime njia tatu zilizopo wakiwa bado na nafasi ya kuchagua.

Kwanza jueni mnachokidai

Mtikisiko wa ubongo si jeraha la fuvu. Ubongo umekaa laini ndani ya kichwa, na kichwa kikisukwa ghafla nao husukika, ukaacha kufanya kazi yake sawasawa. Kofia ngumu hupunguza nguvu ya pigo lakini haizuii mtikisiko. Hata kupigwa kichwa chenyewe si lazima. Mtu aliyesimama kwenye ngazi ya behewa wakati mabehewa mengine yanakuja kuungwa anaweza kusukwa mwili mzima, shingo ikaenda mbele na nyuma, na ubongo ukaumia bila chuma kugusa nywele zake.

Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii. Na picha ya CT scan hutafuta damu na mvunjiko. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo. Kwa hiyo daktari anaposema picha ni safi, anasema kwamba hakuna damu inayovuja. Hajasema kijana ni mzima. Fomeni aliyasikia maneno ya daktari akayatafsiri kwa faida yake, na sisi wengi tungeyatafsiri vivyo hivyo kwa kutojua.

Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wengine hawaponi upesi, na hao ndio wenye mashaka. Kijana wetu alirudi kwetu Mtambile, Pemba, msimu wa karafuu umeshaanza. Akapanda mkarafuu kama alivyopanda tangu utotoni, na kabla hajafika katikati kisunzi kikamshika, akabaki amekumbatia shina mpaka akateremshwa. Mwanga wa jua ulimuumiza macho. Alisahau majina. Alikuwa mpole, akawa mtu wa kufoka kwa jambo dogo, halafu analia. Jirani wakasema kachezewa, na tukapoteza wiki tatu kwenye makombe na mafusho. Simlaumu aliyependekeza, alikuwa anatutakia kheri. Lakini wiki tatu zile hazimo kwenye karatasi yoyote ya hospitali, na pengo lile nililazimika kulieleza kila nilipokwenda.

Kabla ya habari za sheria, hili: aliyepigwa kichwa akiendelea kutapika, maumivu yakizidi badala ya kupungua, mboni moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, akidegedega, ulimi ukimwia mzito, upande mmoja wa mwili ukilegea, au ikiwa shida kumwamsha, mpelekeni hospitali saa ile ile. Mkiwa Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, MOI. Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo. Pemba anzeni Abdalla Mzee Mkoani, au Chake Chake au Wete, yoyote iliyo karibu, nao watampeleka mbele ikibidi.

Njia tatu, zikiwekwa bega kwa bega

Ya kwanza ni kumalizana: mwajiri anatoa kitu, wewe unatia saini, kila mtu anakwenda zake. Ya pili ni dai la fidia ya kazini, ambayo kwa aliyeumia Tanzania Bara hupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ya tatu ni shauri la madai mahakamani, ambapo unasema kwamba fulani alifanya uzembe na uzembe wake ndio ulioniumiza.

Tofauti kubwa iko kwenye swali la kosa.

Ukidai fidia kwa Mfuko, hakuna anayekuuliza nani alikosea. Swali ni kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kijana wetu huenda alisimama mahali asipopaswa kusimama. Kwa dai la fidia hilo halikuwa jambo la kubishania. Mahakamani mambo yanageuka. Lazima uthibitishe kwamba mwajiri, au mtu mwingine, alikuwa na wajibu wa kukulinda na hakuutimiza: hakuweka mtu wa kuongoza kreni kwa ishara, hakufunga ndoano, hakutoa mafunzo. Na wakionesha kwamba nawe ulichangia, mahakama hupunguza kile utakacholipwa kwa kadiri ya mchango wako.

Ukimalizana, suala la kosa linazikwa. Ndiyo maana njia hiyo inapendwa na mwenye kosa.

Tukija kwenye pesa, kumalizana kunashinda kwa upesi tu. Pesa iko mkononi siku hiyo hiyo, na mtu aliye mbali na kwao, anayedaiwa kodi ya chumba, si rahisi kuikataa. Laki mbili zile zingemtosha nauli na chakula cha mwezi. Kijana alikaa bila kazi mwaka mzima.

Mfuko una mafao yanayojulikana. Kuna matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, yaani asilimia 70 ya mshahara kwa miezi usiyoweza kufanya kazi, mwisho miezi 24. Aliyekuwa akipata shilingi 500,000 kwa mwezi hupewa 350,000. Akibaki na ulemavu wa kudumu, anafanyiwa tathmini: ikiwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa kwa mkupuo mmoja, ikizidi hapo, hulipwa kila mwezi. Kuna pia utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi kujimudu, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, mazishi, na pensheni ya wategemezi. Michango yote hutolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Nalitaja hili kwa kuwa wapo vibarua wanaoogopa kudai wakidhani hawakuchangia. Hawakupaswa kuchangia.

Lakini Mfuko haulipi maumivu. Haulipi zile hasira ngeni ndani ya nyumba, mchumba aliyerudisha posa, wala uoga wa kupanda mti ambao baba na babu yako waliupanda. Hayo, kama yana bei, hudaiwa mahakamani, na hapo ndipo kesi inapoweza kuzidi fidia kwa mbali. Inaweza pia kukupa sifuri baada ya miaka minne ya tarehe na kuahirishwa. Kesi ina ada, ina nauli za boti, ina mashahidi ambao hujui watakuwa wapi mwaka kesho kutwa.

Saa inayotembea

Watu wengi hushindwa kwa kuchelewa kuliko kwa kukosa haki.

Kwa Mfuko, mwajiri anatakiwa aitoe taarifa ya ajali ndani ya siku saba tangu aijue, na dai lenyewe lisipite miezi 12. Mwajiri wetu hakutoa taarifa. Tulisubiri tukidhani ametoa, mpaka mwezi wa tano, nilipokwenda mwenyewe kuuliza. Usisubiri. Mpe mwajiri barua yenye tarehe, naye agonge muhuri kwenye nakala yako. Akikataa, itume kwa njia nyingine inayoacha alama, hata ujumbe wa simu wenye maelezo kamili ya siku, saa na mahali. Kisha mfuate Mfuko wewe mwenyewe.

Shauri la madai la uzembe, kwa sheria ya Bara, lina miaka mitatu. Inaonekana mirefu, na ndiyo inayowadanganya watu, kwa sababu mashahidi hawangoji. Kikosi cha vibarua kumi na wawili waliokuwepo siku ile kilitawanyika mkataba ulipokwisha. Nimewapata watatu tu.

Na ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, hiyo ni habari nyingine kabisa yenye saa yake fupi: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mtu mwenye kisunzi, amelala Mtambile na pazia zimefungwa, siku 30 hazioni zikipita. Lazima jamaa mmoja awe ndiye mshika kalenda.

Ushahidi, hapa ndipo pa kukaa sana

Mguu uliovunjika unajitetea wenyewe. Mtikisiko wa ubongo una wewe tu wa kuusemea, na wewe mwenyewe umesahau. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona jambo ambalo methali hii inalihusu kuliko hili.

Karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile ya hospitali ya siku ya kwanza, hasa sentensi moja tu ndani yake: ameumia vipi na wapi. Kijana akisema "nimeanguka", daktari ataandika kaanguka, na miezi sita baadaye mtu atauliza kama alianguka bafuni. Aseme wazi: nimepigwa na ndoano ya kreni kazini, saa fulani. Akiwa hawezi kusema, aliyempeleka aseme.

Pili, uthibitisho kwamba ulikuwa mfanyakazi. Vibarua wengi hawana mkataba wa maandishi na hudhani basi hawana haki. Kijana wetu hakuwa na mkataba. Alikuwa na ujumbe wa simu wa malipo ya kila wiki kutoka namba moja, kitambulisho cha getini chenye picha yake, na picha aliyopiga na wenzake wakiwa wamevaa vizibao vyenye jina la kampuni. Vitu hivyo vitatu vilifanya kazi ya mkataba. Msifute ujumbe kwenye simu, na simu ikiharibika msiitupe.

Tatu, daftari. Dada yangu alinunua la skuli, kurasa 80, akaanza kuandika kila siku: ameamka saa ngapi, kichwa kimemuuma wapi, amesahau nini, amefoka mara ngapi, amekula nini, ametapika au hakutapika. Kijana alipokwenda kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu, daktari alilisoma lile daftari kwa dakika kumi nzima kabla hajamgusa mgonjwa. Hakuna dawa wala picha tuliyoilipia iliyotusaidia kama daftari lile.

Mahakamani mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi ya huu. Ukiacha kuumia kwako, lazima uoneshe na uzembe wao: hali ya mnyororo, nani alikuwa akiendesha kreni, kama alikuwa na cheti, kama kulikuwa na mtu wa ishara. Karatasi hizo zote ziko kwa mwajiri. Ukimalizana huhitaji ushahidi wowote, na hapo ujiulize kwa nini mtu anakulipa bila kukuomba uthibitishe.

Marekani: dunia nyingine

Wenye ndugu kwenye reli za Marekani wasichanganye mambo. Kule mfanyakazi wa kiwandani akiumia hudai fidia ya jimbo lake bila kuulizwa kosa, karibu na ule utaratibu wa Mfuko wetu. Mfanyakazi wa kampuni za reli hana njia hiyo. Yeye ana sheria yake peke yake, iliyopitishwa mwaka 1908, wanayoiita FELA. Kwa FELA lazima uthibitishe uzembe wa kampuni. Faraja ni kwamba kiwango ni chepesi: mwaka 1957 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba inatosha uzembe wa kampuni uwe umechangia hata kwa sehemu ndogo kabisa. Ukiwa nawe ulichangia, malipo hupunguzwa kwa asilimia yako. Kama hasara ni dola 100,000 na wewe unabeba asilimia 30, unapata 70,000. Na kama kampuni ilivunja sheria za usalama wa vifaa vya mabehewa au za ukaguzi wa injini, hata punguzo hilo huondoka.

FELA hulipa maumivu na mateso, hulipa mshahara uliopotea na utakaopotea, na husikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, wanaloliita jury. Muda ni miaka mitatu. Kwa hiyo kule kesi, ambayo kwetu ni njia ya tatu, ndiyo njia ya kwanza, na mawakili wake kwa kawaida hulipwa sehemu ya kile kitakachopatikana.

Mtoto wa ami yangu aliniambia jambo ambalo lilinishangaza kwa kufanana na la kwetu. Mtu akiumia, kampuni hutuma afisa wake wa madai, mpole, na kinasa sauti. Anauliza: unajisikiaje leo? Na mtu, kwa adabu, anajibu: sijambo. Sijambo ile itachezwa mahakamani. Sisi Waswahili tuna hatari zaidi hapo, maana kwetu anayeulizwa hali hujibu "sijambo, alhamdulillahi" hata akiwa kitandani. Akiulizwa na mtu wa kampuni, ajibu linalomuuma, au aseme atajibu akiwa na wakili. Kule pia kuna ulinzi kwa anayeripoti kuumia: kampuni ikimwadhibu kwa kuripoti, ana siku 180 za kulalamika serikalini.

Na kama ajali imetokea Zanzibar?

Kazi si katika mambo ya Muungano. Mfuko wa WCF ni wa Tanzania Bara. Aliyeumia kwenye ujenzi Fumba, bandarini Malindi au kwenye barabara za Pemba yuko chini ya sheria za Zanzibar: ya fidia kwa wafanyakazi, ya ajira Namba 11 ya 2005, na ya usalama na afya kazini Namba 8 ya mwaka huo huo. Aanzie Kamisheni ya Kazi. Mpemba aliyeumia Bara kwa mwajiri wa Bara anafuata Bara, hata kama amekuja kuuguzwa kwao. Cheti cha hospitali ya Mkoani kinafaa kabisa kuungwa kwenye dai la Bara, lakini kesi itafunguliwa huko, na wakili lazima awe na ruhusa ya kusimama kwenye mahakama za huko. Msilipe wakili kabla ya kumuuliza hilo.

Wasio na uwezo waende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Unguja na Pemba na husaidia wanyonge. Hata kama hawatasimama nawe Bara, watakusomea karatasi, na kusomewa karatasi kabla ya saini ni nusu ya haki yako.

Nani achague lipi

Kumalizana nakuona kunafaa mahali pamoja tu: aliyeumia kidogo, aliyekwishapona kabisa kwa kauli ya daktari, miezi imepita bila dalili, na karatasi imesomwa na mtu anayejua sheria. Nje ya hapo ni kuuza kitu usichokijua ukubwa wake. Kama mna dhiki na pesa inaletwa, ipokeeni kwa maandishi yanayosema ni ya matibabu au nauli, na hakuna neno "kumaliza" ndani yake. Mwajiri mwema hatakataa. Akikataa, amekwisha kukwambieni karatasi yake ina nini.

Dai la fidia liwe la kwanza kwa karibu kila mtu aliyeumia Bara. Nasema hivi kwa moyo mkunjufu kwa sababu halimlazimishi mgonjwa kugombana. Mtu mwenye mtikisiko wa ubongo hawezi kukaa kizimbani akihojiwa saa tatu; kelele peke yake zitamlaza. Na mwajiri aliyesajiliwa hana sababu kubwa ya kuficha ajali, maana anayelipa ni Mfuko. Asiyesajiliwa ndiye anayeficha, na kutosajili ni kosa lake, kila mwajiri wa Bara anawajibika kusajili.

Kesi ni ya yule mwenye mambo matatu kwa pamoja: madhara yanayodumu, uzembe unaoonekana wazi, na mdaiwa anayeweza kulipa. Likikosekana moja, mfikirie mara mbili. Tena fidia na kesi zinagusana. Hatua uliyochukua kwenye moja inaweza kupunguza au kufunga nyingine, kwa hiyo wakili aone dai la fidia kabla ya kuandika hati ya madai. Wakili wetu alituuliza swali ambalo sikulitegemea: kreni ilikuwa ya nani? Haikuwa ya mwajiri. Ilikodiwa pamoja na dereva wake kutoka kampuni nyingine. Hapo mlango ukafunguka, maana kumdai mtu wa nje kwa uzembe wake hakuchanganyiki na fidia ya mwajiri kama kunavyochanganyika kumshtaki mwajiri mwenyewe. Ulizeni swali hilo. Kwenye reli kazi hugawanywa kwa wakandarasi wengi, na aliyekuumiza mara nyingi si aliyekuajiri.

Sisi tumechagua fidia kwanza. Miezi aliyokaa nyumbani amelipwa. Tathmini ya ulemavu wa kudumu bado, madaktari wanataka wamwone tena hali ikitulia. Shauri dhidi ya wenye kreni wakili ameliandaa, na kati ya miaka mitatu tumetumia mmoja na nusu. Kijana anauza duka la ami yake Chake Chake, mchana tu, na mikarafuu tumemkataza.

Daftari la dada yangu ni la nne sasa, na siku hizi kijana anaandika mwenyewe. Jana ameandika: nimeamka saa kumi na mbili na nusu, kichwa hakikuuma, mteja mmoja namjua tangu skuli, jina lake nimelisahau mara mbili.